Gari limekunywa maji: soma dalili kabla hujagusa stata

Mvua inaponyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa Kyela hadi Mei inapokatika, simu nyingi zinazoingia kwenye gereji za Mbeya zinafanana: "Fundi, nimepita kwenye maji, gari limezima." Fundi anayejali haanzi kwa kuuliza aina ya gari wala kina cha maji. Anauliza kwanza: umeshapiga stata tena? Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mwenye gari atalipa oili na filta tu, au atatafuta injini nyingine.

Mwongozo huu ni wa maji yanayoingia kupitia njia ya hewa ya injini: kuanzia mdomo wa kuvutia hewa, kupita boksi la eya klina, mpira wa hewa, tabo (kifaa cha kusukuma hewa kwa nguvu) kama ipo, manifodi inayogawa hewa kwa kila silinda, mpaka ndani ya silinda. Njia hiyo ni moja na maji huifuata kwa mpangilio. Ukiifuata nayo kwa mpangilio huohuo utajua yamefika wapi, na hutalazimika kubahatisha.

Kinachovunjika ni nini

Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikipanda ikakuta maji yamejaa nafasi iliyobaki juu yake, kitu kimoja lazima kiache: ama injini isimame papo hapo, ama konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ipinde. Injini ikiwa kwenye kasi, mara nyingi yanatokea yote mawili.

Watu hudhani inahitajika ndoo ya maji. Piga hesabu ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyoko kwenye Land Cruiser nyingi za huku. Ina silinda sita, kila moja kama sentimita za ujazo 694, na mgandamizo wake, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ni 22.4 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 32, yaani vijiko viwili vya chakula. Injini ya petroli ya 2NZ iliyoko kwenye IST ya 1.3 ina silinda ndogo na mgandamizo wa 10.5 kwa 1, nayo nafasi yake ni kama mililita 34. Kwa hiyo gari dogo na gari kubwa hapa ziko sawa. Maji yanayobaki kwenye mkunjo mmoja wa mpira wa hewa yanatosha kuifunga injini.

Tofauti iko kwenye namna zinavyozima. Petroli inategemea cheche. Koili na plagi zikilowa, injini inakohoa na kuzima, na pengine kuzima huko kunaiokoa. Dizeli haihitaji cheche, kwa hiyo itaendelea kuvuta mpaka ifungwe na maji. Ndiyo maana dereva wa dizeli asingoje injini imwonye.

Dakika za kwanza

Gari likizima majini, toa mkono kwenye ufunguo. Kama maji yanatembea, watu washuke watoke, gari libaki. Mto Kiwira ukijaa unasukuma mawe, sembuse Noah. Yakiwa yametuama, weka gia huru, lisukumwe au livutwe mpaka pakavu.

Hapo ndipo milima yetu inapotushawishi vibaya. Gari limefika pakavu, mbele kuna mteremko, watu wa kusukuma wapo tele, na mmoja anasema "tulishtue tu, gia ya pili." Kataa. Kushtua gari lenye maji kwenye silinda ni kubaya zaidi ya kupiga stata, kwa sababu uzito wote wa gari ndio unaoisukuma pistoni dhidi ya maji. Stata ikishindwa inakwama. Gari linaloteremka halikwami.

Kijana mmoja wa Ipinda aliwahi kupiga simu akiwa kando ya barabara iliyojaa maji, na mazungumzo yale yanaonyesha kazi yote inavyokwenda.

"Shikamoo, kaka. Gari limezima kwenye maji."

"Marahaba, mdogo wangu. Umepiga stata?"

"Bado. Ila jamaa wanasema tulishtue."

"Washukuru, waambie wasubiri. Fungua boneti, toa filta ya hewa. Ukiigusa ikoje?"

"Chini imelowa, juu kavu."

"Mpira unaotoka hapo kwenda kwenye injini, uchomoe, ingiza vidole mpaka ndani."

"Pakavu. Kuna vumbi tu."

Injini yake ilikuwa salama, maji hayakuingia. Lakini lile vumbi halikutakiwa kuwepo. Nyuma ya filta panapaswa kuwa safi kabisa, na vumbi pale lina maana filta haikai vizuri kwenye boksi, kwa hiyo injini inakula mchanga kiangazi chote. Yeye alikuwa anaogopa maji ya siku ile, kumbe kilichokuwa kinaimaliza injini yake kilianza zamani.

Fuata maji kutoka mdomoni

Anza na mdomo wa kuvutia hewa. Kwenye magari mengi madogo umejificha nyuma ya taa ya mbele au juu ya rejeta. Usikadirie ulipo, fuata bomba kwa mkono, halafu pima urefu wake kutoka chini ukiwa nyumbani, siku ya jua. Wengi hushangaa kukuta uko chini kuliko boneti linavyoonyesha. Tena maji huinuka mbele ya gari linalotembea, na feni ikigusa maji huyarusha juu kwenye boksi. Kwa hiyo kina cha maji yaliyotulia si kina ambacho injini inakiona.

Fungua boksi. Filta ya karatasi iliyolowa haifichiki: mikunjo yake inalala upande mmoja au inajikunja kama mawimbi, na inabaki na mstari wa tope unaoonyesha maji yalipofika. Mstari ukiwa kwenye kingo za chini tu na karatasi ya juu ina ugumu wake, kuna matumaini. Karatasi ikiwa imelainika yote, au imevutwa kuelekea upande wa injini, chukulia kwamba maji yamepita mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kisha mpira wa hewa baada ya filta. Hapa ndipo pa kuamulia. Pakiwa pakavu, na injini haina mwanya mwingine, huna sababu ya kufungua plagi: kausha boksi, weka filta kavu, angalia oili, washa. Pakiwa na unyevu, hata matone, usiwashe. Endelea kwenda ndani.

Gari lenye tabo lina kituo kimoja cha ziada ambacho wengi wanakiruka, nacho ni kipozeo cha hewa, ile intakula. Iko chini au bapa, na maji hutulia humo kimya. Gari linawaka, linatembea vizuri mjini, kisha ukikanyaga kupanda mlima tabo inasukuma hewa kwa nguvu na maji yote yanakwenda kwenye silinda kwa mkupuo. Fungua mpira wa chini wa intakula, uyamwage, upulize ndani mpaka pakauke. Oili kidogo utakayoikuta humo ni ya kawaida. Maji si ya kawaida.

Dalili: stata inagonga mara moja, kisha kimya

Mlio ni "ta!" mmoja mzito, taa za dashibodi zinafifia, injini haizunguki. Kabla ya kulaumu maji, tenganisha na betri. Betri iliyoisha hutoa mlio wa harakaharaka, "tatatata", au stata inazunguka kwa uvivu. Uhakika unapatikana kwenye krenki yenyewe, ile shafti inayozungushwa na pistoni: gia ikiwa huru, weka spana ya boksi kwenye nati ya kapi ya krenki, zungusha taratibu upande ambao injini huzunguka. Ukisikia inakwenda halafu inagota ghafla kwenye kitu kigumu, acha. Usiongeze bomba kwenye spana kupata nguvu. Hayo ni maji.

Kutoa maji ni kazi ya utaratibu. Kwenye petroli, ondoa fyuzi au relei ya mfumo wa mafuta ili injini isinyunyize petroli, chomoa soketi za koili, kisha fungua plagi zote. Kwenye dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakanika, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu, halafu fungua nozeli zinazonyunyizia dizeli, au hita plagi zinazopasha joto silinda, zote. Hita plagi za gari la zamani hukatikia ndani ukizilazimisha, basi nyunyizia dawa ya kulegeza kutu, subiri, fungua kidogo, rudisha, fungua tena. Dizeli za kisasa za komoni reli, zenye bomba moja la shinikizo kubwa linalogawia nozeli zote, usizifungue paipu za nozeli kama unavyofanya kwenye za zamani. Shinikizo lake likifanya kazi hupita bar 1,000, na mafuta hayo hupenya ngozi. Tumia matundu ya hita plagi, na chomoa soketi za nozeli.

Matundu yote yakiwa wazi, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Miwili, kwa sababu kila silinda inahitaji hiyo kumaliza hatua zake nne. Maji yatatoka. Baada ya hapo ndipo unaweza kupiga stata kwa sekunde chache, mapumziko, sekunde chache tena. Uso usiwe juu ya matundu, maana yanaruka kwa nguvu, na kwenye petroli pasiwe na moto wala sigara karibu. Endelea mpaka unachokiona ni ukungu, kisha hewa tupu. Weka kijiko kidogo cha oili safi kila silinda, zungusha tena, ndipo urudishe plagi.

Kazi hii isilale. Injini iliyobaki na maji kwenye silinda wiki nzima ikisubiri pesa za fundi hupata kutu kwenye kuta za silinda, na ringi hushika. Kama fundi hapatikani leo, angalau plagi zitolewe, maji yatoke na oili iingie kwenye silinda. Hayo yanaweza kufanywa na dereva mwenye spana ya plagi na utulivu.

Dalili: inazunguka vizuri, lakini haiwaki

Hii ni habari njema zaidi. Injini haijafungwa. Kwenye petroli sababu ya kawaida ni unyevu kwenye koili, soketi na matundu ya plagi. Pangusa, puliza, acha jua lifanye kazi yake. Ya pili ni filta iliyolowa mpaka haipitishi hewa. Itoe, na jaribu kuwasha mara moja bila filta, ukiwa umesimama mahali pasipo na vumbi na baada tu ya kuthibitisha kwamba mpira wa hewa ni mkavu. Ikiwaka, umepata jibu. Zima, tafuta filta. Usisafiri bila filta kwa hoja kwamba Mbeya si mbali. Barabara ya vumbi inamaliza ringi haraka kuliko watu wanavyofikiri.

Ikiwa inazunguka kwa kasi isiyo ya kawaida na kwa sauti nyepesi, kana kwamba hakuna kinachobanwa, acha kupiga stata na pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda.

Dalili: linawaka, lakini halina nguvu

Taa ya injini imewaka, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gari linasitasita ukikanyaga: kwenye magari ya EFI, yanayonyunyiza petroli kwa kuongozwa na kompyuta, anza na sensa ya kupima hewa, iliyoko kwenye bomba mara baada ya filta. Ndani ina waya mwembamba unaopashwa moto, na tone la maji ya tope likikauka juu yake linaacha ganda. Sensa inaanza kusoma hewa isivyo. Isafishe kwa dawa ya kupuliza ya sensa, iache ikauke yenyewe. Usiguse waya kwa brashi wala pamba, na usiielekezee kompresa.

Kwenye dizeli, kukosa nguvu na moshi mweusi baada ya kuvuka maji ni filta iliyolowa mpaka ithibitike vinginevyo. Mafuta yanaingia kama kawaida, hewa haitoshi. Filta ya karatasi iliyokwisha lowa na kukauka jua isirudishwe. Hata ikionekana nzuri, karatasi na gundi yake zimelegea, na itakuja kupasuka mahali ambapo huioni.

Hapa kuna jambo la huku kwetu ambalo linawapoteza mafundi wageni. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya kutoka Kyela kupitia Tukuyu hadi Uyole inapita zaidi ya meta 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000, na dizeli ya zamani hutoa moshi mweusi zaidi kwa sababu hewa inapungua na pampu haijui. Mtu amevuka maji Kyela asubuhi, mchana anapanda kuelekea Uyole gari linachoka, anaamini maji yameiharibu injini. Linganisha na gari lilivyokuwa likipanda mlima uleule kabla ya mvua. Kama ni vilevile, ni mwinuko. Kama limezidi, rudi kwenye filta.

Dalili: linatetemeka au linagonga baada ya maji kutolewa

Hii ndiyo ya kuhuzunisha. Injini imewaka, mwenye gari ameshukuru Mungu, lakini kuna mtetemo ambao haukuwepo, silinda moja inamisi, au kuna kugonga kunakofuata kasi ya injini. Konrodi iliyopinda kidogo hufupika, pistoni haifiki juu inapotakiwa, kompresheni inashuka kwenye silinda hiyo.

Pima kompresheni ya silinda zote na uzilinganishe zenyewe kwa zenyewe, injini ikiwa na joto na betri ikiwa imejaa. Namba moja ikiwa chini waziwazi kuliko nyingine, weka kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda sana, shida ni ringi. Isipobadilika, shuku vavu au konrodi. Kwenye petroli unaweza pia kuingiza kijiti kirefu kilichonyooka kupitia tundu la plagi, uzungushe krenki kwa mkono polepole, na uweke alama pistoni inapofika juu kabisa. Rudia silinda zote kwa kijiti hichohicho. Alama ya silinda moja ikiwa chini kuliko za wenzake, konrodi hiyo imepinda. Kwenye 1HZ njia hii haifanyi kazi, kwa sababu kuna chemba pembeni ya silinda na kijiti hakifiki moja kwa moja kwenye pistoni. Hapo tegemea kompresheni.

Atakayekuambia "endesha tu, itajirekebisha" hakutakii mema. Konrodi iliyopinda huendelea kufanya kazi kwa muda, pengine muda mrefu, kisha hukatika na kutoboa bloku. Ikitokea kwenye Kitonga, na lori liko nyuma yako, gharama haitakuwa ya injini peke yake.

Dalili: oili imebadilika rangi

Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha, si baada. Kiwango kikiwa kimepanda kuliko jana, kuna kilichoingia. Gari likiwa limesimama saa kadhaa bila kuwashwa, maji hukaa chini ya oili kwa kuwa ni mazito. Legeza nati ya sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, polepole, na kitakachotangulia kudondoka ni maji matupu, kisha oili ifuate. Kama injini iliwaka, vimechanganyika, na oili ni nyeupe-kahawia na nzito. Imwage pamoja na filta yake, weka mpya, tembea kidogo, mwaga tena hata kama inauma mfukoni. Oili ya mara ya kwanza inakuwa ya kuoshea.

Sasa tofautisha hiyo na ute mweupe unaoonekana Juni na Julai chini ya kifuniko cha oili na ndani ya ule mpira mdogo wa kupumulia unaoingia kwenye njia ya hewa. Njombe, Makete, Uyole, asubuhi za baridi, gari linakwenda sokoni na kurudi bila injini kupata joto kamili: mvuke unageuka maji kwenye sehemu baridi na kuchanganyika na oili. Kijiti kikiwa kisafi na maji ya rejeta hayapungui, hakuna maji yaliyoingia na hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, haina kosa. Watu wamefunguliwa hedi kwa ute huu bure. Sababu inayochangia ni themostati, vavu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, iliyotolewa na kutupwa "ili gari lisichemshe". Katika nyanda za baridi injini isiyo na themostati haifiki joto lake. Irudishe, na ute utapungua.

Dalili: boksi la eya klina lina maji, na hujavuka mto wowote

Rungwe mvua haihitaji mto. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na gari linaloegeshwa nje linaweza kukusanya maji kwenye boksi bila kusogea. Chini ya maboksi mengi kuna kitundu kidogo au kijimpira chenye mdomo wa kubana, kazi yake ni kutoa maji na vumbi. Kitundu kikizibwa na tope, maji yanabaki ndani. Kijimpira kikipotea, wapo wanaoziba tundu lake kwa gundi, na hapo wamejenga tangi. Kiguse kwa vidole: kiwe laini na mdomo wake ufunguke ukikibana. Kikiwa kigumu, badilisha.

Angalia pia bomba la mbele ya boksi. Likivunjika na kuachwa, boksi linavuta hewa kutoka nyuma ya taa au karibu na tairi, moja kwa moja kwenye maji yanayorushwa. Waosha magari wenye pampu ya nguvu nao wana mchango wao. Waambie wasielekeze bomba kwenye mdomo wa hewa.

Fuso na Canter zina lao. Kabini inainuka, bomba la hewa liko nyuma yake, na viungo hukutana kwenye mpira wa mkunjo. Fundi akiinua kabini na kuishusha, mpira usipokaa sawasawa unabaki na mwanya upande mmoja. Kiangazi mwanya ule unaingiza vumbi, masika unaingiza mvua inayotiririka mgongoni mwa kabini. Kila kabini inaposhushwa, zunguka nyuma uuangalie kwa tochi.

Bodaboda

Boksi la filta liko chini ya siti au ubavuni, na chini yake kuna kijibomba cha plastiki kilichozibwa mwishoni. Baada ya maji, fungua mwisho wake umwage. Filta ya sponji ioshwe kwa sabuni, ikaushwe kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa; sponji kavu haishiki vumbi. Legeza skrubu ya chini ya karabureta, maji yatangulie petroli. Kama kiki imegota haishuki, usiipande kwa miguu miwili. Toa plagi, funga petroli, shusha kiki kwa mkono mpaka maji yatoke.

Kabla ya msimu ujao

Gari likiingia maji ya kupita kitovu cha tairi, angalia pia oili ya difu na giaboksi, kwa sababu vijibomba vyao vya kupumulia huvuta maji difu na giaboksi zikipoa ghafla.

Wanaokwenda Pawaga, Idodi au tambarare za Usangu wakati wa mvua wengi hufunga snorkeli, bomba linaloinua mdomo wa hewa mpaka usawa wa paa. Ni kitu kizuri kikifungwa vizuri, na ni hatari kikifungwa kwa sura tu, maana dereva anaingia maji ya kina akiamini analindwa huku bomba lina mwanya pale linapoingia kwenye boksi. Kuna jaribio rahisi. Injini ikiwa katika sailensa, mwambie mtu aweke kipande bapa cha mpira mzito kuziba mdomo wa juu wa snorkeli, asitumie kiganja. Ndani ya sekunde chache injini inatakiwa ilemewe na ielekee kuzima. Hapo aondoe mara moja. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inapata hewa mahali pengine, na hapo ndipo maji yatakapopita. Pitisha mkono uliolowa kwenye kila kiungo, kuanzia juu mpaka kwenye kifuniko cha boksi, huku mwenzako akiziba na kuachia. Penye mwanya utahisi baridi ya hewa ikivutwa. Mara nyingi ni pale kona ya chini, ambapo bomba linapita kwenye bati la fenda na klipu ilikazwa upande mmoja tu.